Hakusahau Tarehe: Uchambuzi wa Kisa cha Mgonjwa wa Afya ya Akili Aliyeandikwa Mtoro

Kisa hiki ni cha hospitali ya wilaya moja kando ya Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Jina la mgonjwa, kisiwa chake, kambi yake na mwaka nimeviondoa, na mambo mawili matatu ya familia nimeyageuza ili hata wa kambini kwao wasimtambue. Mwenyewe aliridhia kiandikwe. Nitamwita M. Mimi nilikuwa tabibu wa kitengo, na sehemu kubwa ya makosa yatakayosomwa hapa ni yangu.

## Kliniki yenyewe

Kitengo chetu cha afya ya akili kilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, ubavuni mwa stoo ya mashuka. Watumishi tulikuwa wawili, mimi na muuguzi mmoja aliyesomea fani hiyo, ambaye siku nyingine zote za wiki alipangwa zamu wodini. Kliniki ilikuwa Jumatano tu. Siku hiyo benchi lilijaa tangu saa moja asubuhi: wenye kifafa ndio wengi, kisha skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo), baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), sonona, na vijana walioharibiwa na bangi na gongo.

Tarehe ya kurudi tulimwandikia kila mtu wiki nne mbele. Hatukuwa na haja ya kufikiri. Vidonge tuligawa vya siku 28 kwa sababu stoo haikuruhusu zaidi, na sindano ya flufenazini ya miligramu 25, dawa ya kuzuia sauti na mawazo hayo, ambayo wagonjwa wetu huiita sindano ya mwezi, nayo huchomwa kila wiki nne. Muuguzi aliruka kurasa nne za daftari, akaandika jina, akahamishia tarehe kwenye kadi, basi. Asiyekuja aliandikiwa herufi H mbele ya jina lake. H tatu mfululizo zilibadilishwa kuwa neno moja kwa kalamu nyekundu: mtoro.

Mlango wa pili ilikuwepo kliniki ya VVU. Wao walikuwa na kabati la mafaili, simu ya ofisi, na wahudumu wa jamii wa kuwatafuta waliokosa. Wagonjwa wao waliotulia walipewa dawa za miezi mitatu, hata sita. Sisi tulikuwa na kalamu nyekundu.

## Mgonjwa

M. alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mvuvi wa dagaa katika kambi ya kisiwani. Mama yake alikuwa mkausha dagaa hapo hapo mwaloni, yaani ufukweni samaki wanaposhushwa. Alipougua mara ya kwanza alisikia sauti za watu wakimjadili, akaacha kulala, akaamini kwamba wenzake wa mtumbwini wamemfanyia kitu. Familia ilianza na tiba asili kwa miezi kadhaa. Tusiwalaumu haraka. Mganga alikuwa umbali wa kutembea kwa miguu, sisi tulikuwa safari ya saa mbili ya boti na baada ya hapo bodaboda. Isitoshe, mama aliogopa kwamba akituletea mwanawe tutampeleka Mirembe. Kwa watu wengi nchini jina la hospitali hiyo ya Dodoma limeshakuwa tusi, na mtu akishatajwa nalo, halimtoki.

Hatimaye alifika, akalazwa wiki tatu, akatulia vizuri. Tulimruhusu kwa sindano ya mwezi, klopromazini miligramu 100 kidonge kimoja usiku, na benzeksoli miligramu 5 asubuhi kwa ajili ya kutetemeka na kukakamaa kwa misuli. Kadi ilisema: arudi baada ya wiki nne, Jumatano.

## Yaliyotokea kwa mfululizo

Mahudhurio matano ya kwanza yalikuwa ya kupigiwa mfano. Alikuja mapema, ameoga, kadi mkononi. Baada ya hudhurio la pili alinieleza kwamba amerudi ziwani, nikamshika mkono kwa furaha. Mvuvi aliyerudi kuvua ni ushahidi mkubwa wa dawa kuliko maswali yote ninayouliza mezani.

Mara ya sita hakuja. Muuguzi aliandika H, akasogeza jina lake wiki nne mbele.

Mara ya saba hakuja. Wakati huo tulikuwa tumepata vocha kidogo za kuwakumbusha wagonjwa, basi muuguzi alipiga namba iliyokuwa kwenye faili. Ilikuwa ya kaka yake. Akapokea shemeji. Muuguzi, kwa heshima zote na kwa sauti ya kazi, akasema: "Tunapiga kutoka kitengo cha afya ya akili, tunamtafuta M." Nitarudi kwenye sentensi hiyo.

Mara ya nane hakuja, na kalamu nyekundu ikafanya kazi yake. Maelezo nilikuwa nayo tayari kichwani, yale tunayoyasema kila mahali: amepata nafuu, ameona hana haja ya dawa, ameacha. Nilimwambia hivyo na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyekuwa nasi, kana kwamba nasoma kitabuni.

Wiki kama kumi na nne baada ya sindano yake ya mwisho, M. aliletwa na boti akiwa amefungwa kamba za nyavu mikono na miguu, wanaume wanne wamemshikilia. Usiku mbili kabla ya hapo, katikati ya ziwa, alidai kwamba taa za mitumbwi mingine zinapelekeana habari zake. Akaing'oa taa ya mtumbwi wao na kuitupa majini. Wenzake waliniambia hawakumfunga kwa ubaya. Waliogopa atafuata taa. Tajiri wa mtumbwi yeye alitaka kujua taa yake atalipwa na nani.

Tulimlaza, tukamfungua kamba, tukamtibu michubuko. Nilipofungua faili niliandika: "Hana ushirikiano na matibabu." Maneno manne, na hata moja sikulithibitisha.

## Swali la mhudumu

Siku ya tatu nilikuwa kwenye meza ya wauguzi nikilipitia faili hilo. Mhudumu wa wodi, mama mtu mzima aliyezaliwa visiwani, alikuwa anapiga deki karibu yangu. Akauliza, kama mtu anayeuliza habari ya hali ya hewa, huyu mtoto mlimpa kurudi lini na lini. Nikamsomea tarehe. Akasimamisha fagio, akahesabu kwa vidole.

"Dokta, mwanangu," akasema, "hizi za mwisho zote mnampa giza."

Kwa msomaji asiyetoka Kanda ya Ziwa: dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Taa huvuta wadudu na dagaa, wavu unafanya kazi yake. Mwezi unapong'aa taa hukosa nguvu, dagaa hutawanyika, na mitumbwi hubaki ufukweni. Kwa hiyo mwezi wa mvuvi una vipande viwili, giza na mbalamwezi. Katika kambi ya M. walipumzika kama siku nane, kuanzia siku chache kabla ya mwezi mpevu. Ukishapevuka, mwezi huchelewa kuchomoza takriban dakika 50 kila usiku, na saa za mwanzo za giza zikishatosha kutega, watu wanarudi kazini.

Muuguzi wetu alikuwa ametundika ukutani kalenda ya msikiti, ile yenye tarehe za Kiislamu chini ya tarehe za kawaida. Kumbe tulikuwa na chombo cha kupimia tangu siku ya kwanza, maana tarehe ya Kiislamu ni umri wa mwezi. Mapumziko ya kambi ya M. yaliangukia kati ya tarehe 11 na 18. Tukaandika mahudhurio yake pembeni: 17, 16, 14, 13, 11. Alikuja yote. Kisha 10, 8, 7. Hakuja hata moja.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu hivi. Wiki nne ni siku 28. Kila tarehe tuliyompa ilirudi nyuma siku moja na nusu kwa hesabu ya mwezi. Kwa siku nane za mapumziko, mgonjwa anaweza kuangukia mbalamwezi mara tano mfululizo bila yeye wala sisi kupanga. Mara ya sita anaingia gizani, na humo anabaki mahudhurio kumi na manne hivi kabla ya kutokea upande wa pili. Hiyo ni zaidi ya mwaka mzima. Hakuna sindano iliyotengenezwa ya kumvusha hapo.

## Alichosema mwenyewe

Alipotulia nilimuuliza. Nakiri kwamba lilikuwa swali langu la kwanza la kweli kwake kuhusu kukosa kliniki, na lilitanguliwa na H tatu na kulazwa mara ya pili.

Hakusahau. Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho chake, tarehe anaijua. Ila mtumbwi wao huenda na watu wanne. Akikosekana mmoja, tajiri huchukua deiwaka, yaani kibarua wa muda, wa usiku ule, na deiwaka akivua vizuri habanduki tena. Halafu fedha: mahesabu hupigwa giza likiisha. Katikati ya giza mvuvi anaishi kwa mkopo wa chakula kambini, nauli ya boti ataitoa wapi?

Sindano nayo ilikuwa na habari yake. "Mkinichoma, siku tatu nne mikono si yangu," alisema. "Na miguu haitaki kutulia." Mara zile tano za mwanzo alivumilia akiwa ufukweni, mapumzikoni, na giza liliporudi tayari mwili umetulia. Kuchomwa sindano leo na kuvuta wavu kesho ni jambo jingine. Mtu asiyeweza kukaa kitako ndani ya mtumbwi usiku anahatarisha roho nne.

Benzeksoli, dawa ya kuzuia hayo, ilikuwa imekwisha dirishani kwetu. Dawa za wagonjwa wa akili kwa sera ni za msamaha, lakini msamaha wa dawa isiyokuwepo humpeleka mtu duka la dawa na fedha yake mkononi.

Kidonge cha klopromazini je? Hapa alinitazama kama anayejiuliza kama kweli nimesoma. "Mmeandika usiku. Usiku niko ziwani, dokta. Nikinywa hicho si nitalala majini?" Alikuwa ameacha kukinywa siku aliyorudi kuvua. Miezi yote hiyo nilimgawia vidonge 28, na mama yake alivihifadhi kwenye kopo la mafuta ya kupakaa.

Kisha likaja lililoniuma kuliko yote. Baada ya kukosa mara ya sita, alikuja. Jumatatu iliyofuata mwezi ulikuwa mpevu, mahesabu yamepigwa jana yake, akapanda boti akafika hospitali kabla ya saa nne. Mapokezi wakamwambia kliniki ya akili ni Jumatano. Aliijua Jumatano, alidhani sindano ni sindano. Kulala guesti usiku mbili na kula kungemaliza fedha aliyokuwa nayo, akarudi. Kwenye rejista yetu siku hiyo haipo. Hatukuwa na safu ya mtu aliyekuja tukamrudisha.

## Tulichoamua, na kwa nini

Tulikaa watatu, mimi, muuguzi na mfamasia, na nikamwomba mhudumu akae nasi. Alikaa ukingoni mwa benchi, akakataa kiti.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kumpa "Jumatano ya kwanza ya mbalamwezi". Siku nane haziwezi kukosa Jumatano ndani yake, kwa hiyo kliniki isingehitaji kubadilisha siku yake. Muuguzi akaona shimo papo hapo. Jumatano ikiangukia tarehe 17, kijana anachomwa sindano kisha keshokutwa yuko ziwani na ile miguu isiyotulia. Tena ukifuata Jumatano ya kwanza tu, kila baada ya miezi minne hivi unapata pengo la siku 35, na sikutaka pengo la wiki tano kwa mtu aliyeletwa na kamba juzi. Tukakubaliana: Jumatano ikiwa kati ya tarehe 11 na 14, aje Jumatano. Isipokuwa hivyo, aje siku yoyote kati ya hizo, muuguzi wa zamu wodini atamchoma. Sindano ikichelewa siku moja au mbili juu ya 28 si tatizo. Dawa hii hutoka mwilini polepole.

Kupunguza dozi tulikufikiria. Tuliacha, kwa kuwa alikuwa ametoka kuugua. Badala yake benzeksoli ilipangwa ianze siku ile ile ya sindano, asisubiri mpaka mikono itetemeke, na mfamasia alikubali kumwekea akiba ya wiki moja kila mwandamo. Ni vidonge saba tu. Vilikuwa na uzito kuliko mazungumzo yangu yote ya kumshawishi.

Klopromazini tuliiondoa taratibu. Kwa wagonjwa wengine tulibadilisha neno: badala ya "usiku" tukaanza kuandika "ukienda kulala". Walinzi, wavuvi, waoka mikate, wote walikuwa wamekaa miaka na neno lisilowahusu.

Mama aliomba kitu kingine, vidonge vya kumsagia kwenye uji bila yeye kujua. Alikuwa amechoka, na sikumshangaa. Tulikataa. Siku M. atakapogundua, hatapoteza imani na uji peke yake. Tulimwambia hivyo mama kwa upole, na M. naye tukamweleza kwamba mama yake anaogopa, bila kumtajia uji.

Kuhusu simu, M. alitaka namba ya kaka ifutwe. Ile sentensi ya muuguzi ilifika kambini kabla ya boti ya jioni. Hadi hapo alikuwa amewaambia wenzake kwamba anatibiwa vidonda vya tumbo. Tukaweka kanuni: unasema unapiga kutoka hospitali, unauliza kama ni yeye, na kama si yeye unaaga. Namba mpya ikawa yake mwenyewe, ingawa kambini mtandao ulishika juu ya jiwe moja tu.

## Matokeo

Kwa miandamo kumi na minne iliyofuata alichoma sindano kumi na tatu. Nne kati ya hizo zilikuwa siku zisizo za kliniki. Hakulazwa tena katika muda huo. Taa ya tajiri aliilipa kidogo kidogo, akabaki kwenye mtumbwi ule ule, jambo ambalo sikulitegemea.

Sindano moja aliyoikosa haikuwa ya giza. Dagaa walipungua, kambi ikahama kuwafuata, na M. akajikuta karibu na kituo cha afya cha wilaya nyingine. Alibeba barua yangu ya rufaa hadi pale. Flufenazini hawakuwa nayo, na mwenzangu wa huko hakutaka kumwanzishia haloperidoli ya vidonge, dawa nyingine ya aina hiyo, bila kumjua. Sikumlaumu. Wiki sita baadaye M. alianza kusikia minong'ono. Safari hii alipanda boti mwenyewe, akashuka kwa miguu yake, akaja kuniambia, "Wameanza tena, dokta, lakini bado wako mbali." Tulimchoma siku hiyo hiyo, Ijumaa.

Tulijaribu pia kuupeleka mwezi kwa wengine. Muuguzi alichora safu mpya kwenye daftari, herufi G kwa giza na M kwa mbalamwezi. Kwa wavuvi wa dagaa ilisaidia waziwazi, na kwa wanawake wakausha dagaa pia, kwani asubuhi za giza ndizo wanazoanika, na mzigo usiogeuzwa huoza. Ndiyo sababu mama yake M. hakuweza kumsindikiza tarehe zile tatu. Kisha tukapagawa kidogo na ugunduzi wetu. Tukawapangia mwezi hadi wakulima wa mihogo, ambao kwao haukuwa na maana yoyote, na dereva mmoja wa bodaboda aliyeniambia bila kucheka kwamba mwezi wake yeye ni bei ya mafuta.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kosa la msingi halikuwa kumpa tarehe mbaya. Tarehe mbaya kila kliniki inatoa. Kosa ni kwamba ubaya wake ulikuwa na mpangilio, nasi tuliusoma mpangilio huo kama tabia ya mtu. Mtu anayekosa ovyo ovyo labda amesahau, labda amekata tamaa. Mtu anayekuja mara tano bila doa kisha anakosa mara tatu mfululizo amebadilikiwa na kitu, na kitu hicho kinaweza kuwa kimo ndani ya kadi tuliyomwandikia sisi. Neno mtoro hufunga swali hilo. Tangu hapo nimelipiga marufuku mezani kwangu, ingawa rejista iliyochapishwa bado ina nafasi yake.

Maelezo ya "alipata nafuu akaacha" ni hatari kwa sababu mara nyingi ni kweli. Kama yangekuwa upuuzi nisingeyashika. Yalilingana na kila nilichokiona: alikuja, akapona, akarudi kazini, akatoweka. Ukweli nao ulilingana na hayo hayo, kwa kuwa kurudi kazini ndiko kulikomfunga. Tulikuwa tukishangilia sababu ya kukosa kwake.

Tabia ya sindano yenyewe ilitusaidia kudanganyika. Dawa yake imechanganywa kwenye mafuta, kwa hiyo haitoki mwilini siku sindano inapokosekana. M. alikosa mara ya sita akaendelea kuvua vizuri, akakosa ya saba bado anavua. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba kusubiri si neno. Kwetu H mbili hazikuwa na mgonjwa aliyeanguka nyuma yake. Ugonjwa uliporudi, umbali kati ya sindano na kamba za nyavu ulikuwa mrefu kiasi kwamba hata mama yake aliwataja majirani kuwa ndio waliomfanyia kitu. Siku hizi huwaeleza familia tangu mwanzo: ukikosa sindano hutaona kitu wiki hii, wala ijayo, na hapo ndipo penye mtego.

Simu ya kukumbusha ilikuwa dawa ya ugonjwa mwingine. Iliwafaa waliosahau, na tunao. Kwa M. haikuongeza chochote, ikaondoa siri aliyokuwa anailinda. Ningekuwa na vocha moja tu leo, ningeitumia kumuuliza mtu aliyekosa siku tatu zilizopita ilikuwaje, kuliko kumkumbusha wa kesho.

Kilichofanya kazi hakikuhitaji bajeti, na nasema hivyo kwa tahadhari, maana viongozi wanapenda sana kusikia kwamba jambo halikuhitaji bajeti. Vidonge saba vya benzeksoli vilihitaji mfamasia mwenye moyo. Sindano ya siku yoyote ilihitaji muuguzi wa zamu akubali mgonjwa mmoja zaidi, na wawili walinung'unika, kwa haki kabisa. Ujuzi uliotufungua macho ulikuwa wa mtu ambaye kwenye orodha ya watumishi yuko chini kabisa, na ambaye kwa miaka aliyofanya kazi hapo hakuwahi kuitwa kwenye kikao cha wodi. Sijui ni mangapi mengine aliyaona akapiga deki akapita.

Kubwa lililoshindikana ni kwamba tuliuweka mpango mzima kwenye daftari na kichwa cha muuguzi mmoja. Alipohamishwa, kalenda ya msikiti aliondoka nayo, yake ile. Mrithi wake alikuta rejista mpya isiyo na safu ya G na M, akafanya kama alivyofundishwa: kurasa nne, jina, tarehe. Mimi nilikuwa likizo. Hakuna aliyemweleza, wala hapakuwa na karatasi ya kumweleza.

Ilipofika zamu ya M., alichomwa, akapewa kadi yake, akaitazama, akairudisha mezani.

"Dada, hii ni giza," akamwambia. "Niandikie siku mbili baada ya hii."

Muuguzi mgeni alinipigia simu nyumbani kuuliza kama mgonjwa anaruhusiwa kujipangia tarehe. Nilimwambia amwandikie.